Dkt. Tak Jeong-nim na Damu ya Watu wa Satgol

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dkt. Tak Jeong-nim, mtafiti mkuu wa kinga ya mwili katika kituo chetu, anastaafu rasmi tarehe 28 Februari. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike kwa uchangamfu, nitie na visa viwili vitatu vya kuchekesha. Visa vipo. Uchangamfu ndio sina, na anayetaka kuinunia makala hii ainunie tu.

Dkt. Tak alizaliwa Gokseong, kwa wakulima wa pilipili. Alisomea udaktari, na wenzake walipokwenda Seoul kufungua kliniki za kulainisha ngozi za matajiri, yeye akaja kwetu Machi 1994. Alipewa chumba kimoja, darubini moja na friji iliyovuja maji hadi kwenye korido. Mimi nilijiunga naye miaka kumi baadaye nikiwa fundi wa maabara. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kuendesha gari kwenye barabara ya tope, na kama naweza kukaa na vikongwe saa nne bila kuangalia saa. Maswali ya maabara hakuuliza hata moja.

Ugonjwa aliouhangaikia ni homa ya utitiri. Kila vuli watu wetu wanapopanda milimani kufyeka makaburi ya wazee wao, au wanapovuna ufuta na pilipili, wanaumwa na kidudu kisichoonekana kwa macho. Siku kumi baadaye homa inapanda. Dawa ipo, tena rahisi, na vimelea vinakufa ndani ya siku mbili tatu. Lakini wapo wazee ambao vimelea vimekwisha kufa, na wao wanakufa siku ya tano. Kinachowaua ni mwili wao wenyewe. Kinga iliyowaka ili kupigana haizimiki adui akiisha. Inaendelea kuunguza mapafu, figo na ini. Dkt. Tak alitaka kujua jambo moja tu: nani mwili wake utakataa kuzimika, na je, tunaweza kumjua mapema?

Kisa cha kwanza cha kuchekesha ni hiki. Kidudu kile huacha kigaga cheusi, mfano wa alama ya sigara, na hupenda mahali pa siri: chini ya titi, kwapani, kinenani. Ukikiona kigaga umeujua ugonjwa. Sasa bibi zetu hawavui nguo mbele ya kijana wa kiume aliyetoka chuoni juzi. Wanasema huko hakuna kitu, basi. Madaktari walikuwa wakiandika mafua, wanawarudisha nyumbani kufa. Dkt. Tak alikuwa anavuta pazia, anaanza kuwasengenya wakwe, na bibi akishapandwa na moto wa maneno anapandisha blauzi mwenyewe bila kujijua. Bibi mmoja alipooneshwa kigaga chake alisema kwamba pale hata marehemu mumewe hakuwahi kupafika na taa ikiwaka. Dkt. Tak alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2007 alianza kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwetu. Kusubiri mgonjwa afike hospitali, alisema, ni kufika msibani watu wameshazika. Akataka damu ya watu wakiwa wazima. Kila Agosti tulikwenda Satgol na vijiji vitano vya jirani, tukatoa damu ya wazee kwenye kumbi zao. Vuli ikifika na mmoja wao akaugua, tunatoa tena. Miaka kumi na minane. Watu mia nne na kumi na wawili. Walioumwa na kuugua, hamsini na wanane. Waliokufa, kumi na mmoja. Mirija ya vioo yenye damu yao yote ilikaa kwenye majokofu mawili ya baridi kali, imepangwa kwa kijiji na kwa mwaka.

Mwaka juzi alianza kuona kitu. Wale waliokufa, damu yao ya Agosti, kabla hata hawajaumwa, tayari ilikuwa na dalili za mwako mdogo usiozimika. Hawakuhisi lolote. Walikuwa wakicheza karata na kutusimanga kwamba tumekondeana. Dkt. Tak alinionesha mistari kwenye skrini, akaiziba kwa kiganja, akasema tusimwambie mtu mpaka tuwapime wote mia nne na kumi na wawili. Mashine ya kuwapima ilikuwa ifike Aprili hii. Kama mistari ile ingesimama, basi tungekuwa na kipimo cha kumjua mtu wa hatari mapema, na kumkinga.

Sasa kisa cha pili, ambacho ni changu.

Anayetoa damu kwa utafiti hupiga muhuri kwenye fomu, kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo fomu inavyosema. Lakini vijijini kwetu mihuri ya wazee hukaa kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni desturi ya tangu karatasi za mbolea na mbegu: mwenyekiti ana sanduku, ndani yake vijiti vya mti vyenye majina ya watu, na karatasi ikija anampigia kila mtu ili asiache shamba lake. Mwenyekiti wa Satgol alikuwa Mzee Pyo Gil-yong. Alishika sanduku lile miaka thelathini na minane na hapakupotea hata muhuri mmoja. Mwaka ule wa kwanza Dkt. Tak alimwambia kila mtu apige wake. Mzee Pyo akacheka, akamwambia wanawake wale wengine hawajui kusoma, na wengine mikono inatetemeka, ajichoshe kwa nini. Dkt. Tak akazunguka ukumbini, akamuuliza kila mmoja kwa mdomo, na kila mmoja akakunja mkono wa nguo, akanyoosha mkono. Akaona yatosha. Nami niliona yatosha. Hapo ndipo tulipokosea.

Miaka miwili iliyopita dereva wetu, Bwana Gu, alistaafu. Nikaombwa niandike wasifu wake humu humu jaridani, nao uwe na visa. Basi nikaandika jinsi Mzee Pyo alivyokuwa akigonga mihuri sitini kwa mkupuo huku bibi wakila tambi upande wa pili wa ukumbi, na Bwana Gu amepiga magoti pembeni anapuliza wino mwekundu ukauke. Mkacheka sana. Wengine mlinipigia simu kunipongeza. Septemba iliyopita, wakati kamati ya maadili ikipitia mafaili ya kazi ile kabla ya mashine kuagizwa, barua ililetwa kwetu. Nyuma yake walikuwa wameambatanisha ukurasa wangu.

Sitaitukana kamati. Damu ya mtu ni mali ya mtu, na kanuni ile iliwekwa kwa sababu zamani watu walitolewa damu kwa hila. Waliamua kwa haki yao: kazi isimame, majokofu yafungwe kwa lakiri, waliokwisha kufa damu zao ziteketezwe, na walio hai wapewe hadi mwisho wa Januari kupiga mihuri upya kwa mikono yao. Niliingia ofisini kwa Dkt. Tak nikiwa na barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akanirudishia.

"Ulichoandika ni kweli," alisema. "Kingekuwa uongo tungepona."

Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Mzee Pyo alipigiwa simu na kamati akaulizwa maswali ya mtu anayetuhumiwa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na minne. Alijiuzulu siku hiyo hiyo, akachukua sanduku lake, akaanza kumrudishia kila mtu muhuri wake, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, na wa marehemu akawapelekea watoto wao walioko juu milimani wakifyeka makaburi. Ilikuwa Oktoba. Mwisho wa mwezi aliletwa kwetu na homa. Dkt. Tak ndiye aliyekiona kigaga, nyuma ya goti.

Mzee alimtambua. Alikunja mkono wa pajama akaunyoosha kitandani.

"Chukua, Daktari," alisema. "Safari hii muhuri nitapiga mwenyewe."

Dkt. Tak asingeweza kuchukua. Kazi ilikuwa imesimamishwa, na tone moja la ziada lingekuwa kosa jipya. Alimshika ule mkono, akaufunika kwa shuka, akamwambia apumzike kwanza. Walimpa dawa siku ile ile. Siku ya tatu vipimo vilionesha vimelea vimekwisha. Siku ya tano mapafu yalijaa, na saa saba mchana Mzee Pyo akafa. Damu yake ya Agosti ya miaka yote kumi na minane ilikuwa ndani ya jokofu lenye lakiri, hatua arobaini kutoka kitandani pake. Nilizihesabu nikirudi maabara.

Januari tulikwenda vijijini na fomu mpya. Katika wale mia nne na kumi na wawili, walio hai walikuwa mia na thelathini na mmoja. Ukumbi wa Satgol ulikuwa na joto sakafuni kama kawaida, wakatupa viazi vitamu vya kuoka na kimchi, yaani figili za kuchachusha, wakatuuliza habari za barabara. Fomu zikatolewa. Aliyesema ni Bibi Yeom, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye aliugua mwaka 2015 akapona, na ambaye Dkt. Tak alihitaji damu yake kuliko ya mtu yeyote aliye hai.

"Muhuri nilimpa Pyo mimi mwenyewe, kwa akili zangu," alisema. "Nikigonga huu leo, nitakuwa nimesema ule wa kwanza ulikuwa wa wizi. Naye yuko kaburini, hawezi kujitetea."

Dkt. Tak alimweleza taratibu kwamba hakuna anayemwita Mzee Pyo mwizi, kwamba ni suala la karatasi tu, kwamba bila muhuri damu yake itachomwa. Bibi Yeom alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja mkono wa sweta, akanyoosha mkono uliobaki mifupa, akamwambia damu achukue kiasi anachotaka, hata leo, lakini karatasi hapana. Wengine wote wakakunja mikono yao ya nguo vilevile. Dkt. Tak alikaa mbele ya mikono ile asijue pa kutazama. Vijiji vingine vitano habari zilikuwa zimetutangulia. Waliopiga mihuri walikuwa tisa. Kwa watu tisa huwezi kuthibitisha lolote.

Tarehe 14 Februari tuliteketeza. Kanuni inataka mashahidi wawili, nasi ndio tuliokuwa wawili. Ilichukua siku nzima. Mirija ina namba tu, haina majina, lakini yeye namba anazijua, na alipofika trei za Satgol alikuwa akinitajia kila mtu taratibu, huyu alikuwa fundi wa vinu, huyu alikuwa anatuwekea maharage kwenye gari, huyu alitutimua na ufagio mwaka wa kwanza. Mimi nililia. Yeye hakulia. Jioni alitia saini kwamba, mbali na mirija ya wale tisa, hakuna kilichobaki, akauliza kama nimekula.

Ratiba ya sherehe inanitaka nitaje mafanikio. Ameandika makala arobaini na nne za kitaalamu. Mwongozo wa kutafuta kigaga unaotumika katika hospitali yetu ni wake, na watu wengi wanatembea leo kwa sababu aliwavutia pazia. Amefundisha madaktari vijana ishirini na watatu kusengenya wakwe. Jambo alilolitafuta miaka thelathini na mmoja hakulipata, na hakuna aliyeachiwa cha kulitafutia, maana kukusanya upya kunahitaji miaka kumi na minane mingine na vijiji vinavyotuamini.

Anahamia kwa dada yake Busan. Nimemuuliza atafanya nini huko, akasema atajifunza kulala mchana.

Daktari, kwa niaba ya wenzako wote, asante. Kwa niaba yangu peke yangu, nisamehe. Nilitaka tu watu wacheke. Upate usingizi wa kutosha, samaki wabichi wa sokoni, na dada wa kugombana naye mambo madogo madogo. Vuli ikifika wagonjwa watakuja kama kila mwaka. Tutatafuta kigaga, tutatoa dawa, tutaua vimelea, kisha tutakaa kusubiri siku ya tano, bila kujua ni nani. Kila la heri, Daktari Tak. Mwezi wa kumi usije kututembelea.

Seok Mi-ran, fundi wa maabara