Wasifu wa Marehemu Klementi Petro Chilumba, Mchoma Chokaa wa Mchinga (1951–2024)

Klementi Petro Chilumba, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Newala, katika uwanda wa Makonde, akiwa mtoto wa pili wa mzee Petro Chilumba na mama Maria. Alipotimiza miaka sita, baba yake aliteremka na familia hadi Mingoyo kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge.

Alisoma hapo Mingoyo na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Hakuendelea; si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa nafasi.

Mwaka 1972 alihamia Mchinga, akajifunza kuchoma chokaa kwa mzee Fakihi. Kila bamvua, maji yalipokupwa sana, alikwenda mwambani na mtaimbo, akang'oa matumbawe, akayapanga juu ya magogo ya mikoko na kuyachoma hadi yakawa chokaa. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na saba. Alikuwa amefundishwa kwamba tumbawe ni jiwe, na jiwe halifi. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Wenye nyumba walitaka kuta nyeupe, wafiwa walitaka makaburi meupe, na waliokuwa na vyeo vya kumkataza walimwagiza magunia. Leo wapo wanaomtaja kuwa ndiye aliyeua mwamba. Haki isemwe hata msibani: mtaimbo ulikuwa wake, lakini kuta nyeupe ni zetu sote.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Benadetha, aliyekuwa akichokoa pweza kwenye mwamba huohuo. Marehemu alipenda kusimulia siku mkewe aliporudi na kapu tupu.

"Mama Katarina, leo tunakula nini?"

"Kale chokaa yako! Nyumba ya pweza umeivunja mwenyewe, halafu kitoweo unaniuliza mimi?"

Marehemu alicheka, na bamvua lililofuata akarudi mwambani.

Katika masika ya mwaka 2009 mawimbi, yakiwa hayana tena mwamba wa kuyavunja nguvu, yalikula ufuko na kuchukua makaburi matatu. Moja lilikuwa la mama yake, Maria, aliyefia kwake Mchinga. Kaburi hilo marehemu alilipaka chokaa kwa mikono yake kila Novemba, siku ya kuwaombea wafu. Wiki hiyo alikuwa na tanuri lililokwisha kupangwa, limebakiza moto tu. Alilibomoa. Akaazima mtumbwi wa jirani yake, Yassin, ili ayarudishe matumbawe baharini.

"Klementi, hayo yamekufa. Hayataota," Yassin alimwambia.

"Najua, bwana. Pweza haulizi kama ukuta u hai. Anataka nyumba."

Walikwenda safari kumi na moja. Mwamba haukurudi, na ufuko unaliwa hadi leo. Lakini mwaka 2011 Benadetha alileta pweza wawili kutoka kwenye rundo lile la matumbawe. Marehemu alikula. Hakuwasha tanuri tena. Aliishi kwa kulima ufuta.

Mwaka 2021 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi. Daktari mjini Lindi alieleza kwamba mapafu yalikuwa yameharibiwa na vumbi la miaka mingi. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Kabla ya hapo aliwaita watoto wake akawaambia, "Kaburi langu msilipake chokaa." Jana yaliletwa magunia mawili ya chokaa, na ilisemwa uani kwamba kaburi lisilopakwa ni la mtu asiye na watoto. Familia inajibu kwa heshima: watoto wapo watatu, na wote walimsikia baba yao. Magunia yatarudishwa kwa walioyaleta. Nao, kabla ya kuyapeleka kwenye kaburi jingine, wapite kwanza ufukoni wayatafute makaburi matatu yaliyokuwa pale.

Marehemu ameacha mjane, Benadetha. Watoto watatu, Katarina, Jerome na Jenipher. Na wajukuu tisa. Analazwa katika makaburi mapya, upande wa bara, mbali na mawimbi.

Bwana ampokee, naye apumzike kwa amani chini ya mchanga mtupu, kama alivyoomba.