Mlango Alioufungua Bi Yamna

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Bi Yamna, mama wa mtaa wa mabati wa Lmerja, hapa pembezoni mwa Kasablanka. Tumemzika jana baada ya sala ya adhuhuri. Wengi wenu mmekula mkate wake.

Kule kwenye mabati, Bi Yamna alipakana na mjane aitwaye Rqia. Mlango wa Rqia ulitazama upande wa upepo, na kila mvua iliponyesha maji ya kichochoro yaliingia hadi kitandani. Basi Bi Yamna akauziba mlango ule kwa matofali, kisha akatoboa ukuta uliowatenganisha. Tangu siku hiyo Rqia akawa anaingilia kwa Bi Yamna. Wema mtupu.

Halafu wakaja makarani wa serikali kuhesabu kaya zitakazopewa nyumba mpya. Walihesabu milango. Kila mlango ulipakwa namba kwa rangi nyekundu, na kila namba ilikuwa na nyumba yake kwenye maghorofa. Rqia hakuwa na mlango. Rqia hakupata namba.

"Mama alijipiga kifuani," anasimulia binti yake, Itto. "Akasema, mkono wangu huu ndio uliomfuta jirani yangu."

Mnaujua utaratibu wetu. Unabomoa kibanda chako mwenyewe, ndipo unakabidhiwa ufunguo. Watu wakabomoa, wengine kwa vigelegele, wengine kwa machozi. Bi Yamna hakushika nyundo. Alikaa majira yote ya baridi katikati ya vifusi, umeme umekatwa, wajukuu wanakohoa.

Mjumbe wa mtaa akamfuata. "Bi Yamna, bomoa uchukue ufunguo! Unangoja upigiwe ngoma?"

"Nipigieni siku mtakapojua kuhesabu watu."

"Ulimi huo, mama!"

"Nyumba ya Rqia huna, na ulimi wangu nao unautaka?"

Rqia mwenyewe alimsihi ahame. "Nilimwambia, dada, nenda, wajukuu wataugua kwa ajili yangu. Akanijibu, nyamaza, chai inapoa."

Mwishowe mjukuu mdogo akalazwa kwa kifua. Bi Yamna akabomoa. Akapokea ufunguo mmoja, nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Na wiki ileile, wasikilizaji wapendwa, jengo zima, nami jirani yake wa ghorofa ya chini, tulisikia nyundo. Alikuwa anatoboa ukuta wa chumba cha pili kuelekea kwenye ngazi. Mjumbe akapanda mbio, jasho linamtoka.

"Umeharibu jengo la serikali!"

"Sijaharibu kitu. Nilimzibia mtu mlango. Namrudishia."

Rqia akaishi humo, na mlango wake mwenyewe. Bi Yamna, Itto na watoto wakabanana chumba cha kwanza. Kila alfajiri Bi Yamna aligonga ukuta, na Rqia akajibu kwa kugonga. Mwanangu akiusikia mlio huo alikuwa anaacha kulia.

Mwaka huu makarani wamekuja kuhesabu tena, kuwatafuta walioachwa mara ya kwanza. Safari hii mlango wa Rqia ukapata namba. Amepewa nyumba katika jengo jipya la mkandarasi, ng'ambo ya barabara. Ufunguo ulifika Bi Yamna akiwa hoi kitandani.

"Aliuomba aushike," anasema Itto. "Akauliza, mlango wake unatazama upande gani? Nikamwambia, unatazama jua, mama. Akasema, haya. Akalala."

Hakuamka.

Kwako Itto, kwa wajukuu, na kwako Bi Rqia uliyempoteza dada, tunatoa pole kutoka ndani ya mioyo yetu. Mungu amrehemu Bi Yamna na ampanulie kaburi lake. Nasi tunaobaki, tunaofurahia maghorofa yanayoota kila upande, tujiulize usiku wa leo: katika hesabu yetu, ni nani hatukumwona?

Bi Rqia bado hajahama. Leo alfajiri, anasema, aligonga ukuta kwa mazoea. Akangoja.

Itto ndiye aliyemjibu.