Daktari Niliyembandika Jina la Mswaki

Wasikilizaji wapendwa, asanteni kwa kuniwashia redio. Leo tunamkumbuka daktari wa meno aliyetutoka juzi, mliyemjua kwa jina la Mama Mswaki. Niseme mapema: jina hilo nilimbandika mimi. Nilimbandika kwenye kipaza sauti hiki hiki, wala sikulibandika kwa heshima.

Kazi yake ilianza na fundi cherehani mmoja. Meno ya fundi yalikuwa yanaoza, na kila akienda kliniki alifokewa kwamba hapigi mswaki. Daktari wetu hakumfokea. Alimpa mswaki, akamwambia hebu nionyeshe. Vidole vya fundi vilikuwa vimevimba kwenye viungo. Mswaki ulimponyoka mara tatu, ukaangukia kwenye sinki. Daktari akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia mpini mpaka ukanenepa. Mswaki ukashikika.

Kuanzia hapo akawa mtafiti. Alikuwa na chumba kimoja, masinki mawili na kabati la miswaki minene. Wagonjwa wa viungo na wagonjwa wa meno walikaa benchi moja. Hakuanza kwa kuwauliza wanaumwa wapi. Aliuliza: ni kitu gani umeacha kufanya? Narudia, kwa sababu utafiti wote ulikuwa humo: ni kitu gani umeacha kufanya? Mmoja ameacha kufunga vifungo. Mwingine ameacha kutafuna karoti. Kila baada ya wiki sita aliwaita, aone nini kimerudi.

Miaka minne iliyopita nikamwalika hapa. Mimi mdomo wangu hauna breki, mnanijua. Nikamuuliza kama alisoma miaka yote ile ili aje kufundisha watu wazima kupiga mswaki. Nikamwita Mama Mswaki. Simu zikamiminika, watu wakavunjika mbavu. Yeye akangoja kicheko kiishe, akasema, "Wagonjwa wangu wanasikiliza, kaka." Nikaweka muziki.

Wiki ile watu kumi na mmoja hawakurudi kwenye utafiti. Kumi na mmoja, wasikilizaji. Waliona haya. Alinipigia mara mbili akiomba dakika tano tu za kuwaita warudi. Nikamwambia ratiba imejaa. Haikuwa imejaa.

Jana nilikwenda msibani. Binti yake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. "Lile jina lilimuuma siku ya kwanza tu," akaniambia. "Baadaye alilizoea." Nikashusha pumzi. Nikajiona nimepona.

Nyumbani nikamsimulia mama yangu. Mama amekula chumvi nyingi, na kwa miaka sasa anakula peke yake jikoni, eti mezani kuna joto. Alivuta droo ya vijiko, akatoa mswaki uliozungushiwa mpira.

"Nilikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja," akasema. "Siku ile nilikuwa nakusikiliza. Kesho yake nikashindwa kwenda."

Nikamuuliza alikuwa ameacha kitu gani.

"Kula na wewe, mwanangu. Kijiko kinanimwagikia, na kutafuna kwenyewe ni shida. Sikutaka unione."

Nikauliza tena: na daktari, alijua wewe ni mama wa nani?

"Tangu siku ya kwanza."

Alijua, wasikilizaji. Aliketi kwenye kiti hiki akijua, na siri ya mgonjwa wake hakuitoa hata kujitetea. Naona aibu. Sina neno jingine zuri zaidi.

Kwa binti yake na familia nzima: poleni sana, na mnisamehe. Zile dakika tano alizoniomba nazitoa leo, nimechelewa. Nyinyi kumi na mmoja, rudini. Chumba kiko wazi, binti yake yupo. Na wewe uliye mezani sasa hivi, muulize wa pembeni yako ni kitu gani ameacha kufanya, halafu nyamaza umsikilize.

Mama, najua umewasha redio. Usile kabla sijafika. Nakuja kula jikoni.