Mkono wa Winchi Alioacha Umesimama: Historia ya Marehemu Jimmy Kiponda Kambi

Marehemu Jimmy Kiponda Kambi alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, saa kumi na moja na robo alfajiri, kijijini Sabaki, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kambi na marehemu Mama Dama. Kaka yake, Mzee Kitsao, ambaye tuko naye hapa, anashikilia kwamba ilikuwa saa kumi na moja u nusu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga, na kwa sababu hiyo saa zote mbili zimeandikwa.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Sabaki mwaka 1971, akamaliza la saba mwaka 1977, akafaulu, ila hakuendelea, maana baba yake alikuwa mgonjwa na shamba lilihitaji mikono. Mwaka 1980 aliajiriwa kubeba chumvi Gongoni, na mwaka 1985 akawa utingo wa Mzee Farjallah wa Shella, aliyekuwa na lori lenye winchi ya mkono wa kukunjika, ule unaojikunja nyuma ya dereva kama kiwiko, na ambao huvusha matofali juu ya ukuta na kuyaweka uani bila kumwamsha mtoto aliyelala ndani. Hapo ndipo alipokalia usukani wa winchi kwa mara ya kwanza, na mpaka mwisho wake hakutaka kazi nyingine.

Mliofanya kazi naye mnajua kwamba hakuvumilia mtu kusema winchi ni winchi tu. Kuanzia mwaka 1991 aliendesha ile ya mkono wa kuchomoza, wenye vipande vilivyoingiana na kusukumwa nje kwa nguvu ya mafuta, akiisifu kwamba inaingia vichochoro vya Malindi asubuhi, inapandisha tangi la maji juu ya dari, na kufikia adhuhuri imeshajifunga na kwenda zake. Kati ya mwaka 2006 na 2010 alikuwa Mombasa juu ya winchi za mnara, na alikuwa akieleza, hata mezani, hata wageni wakiwapo, kwamba mkono uliolala hufaa mahali penye nafasi, lakini majengo yakibanana lazima utumie mkono unaoinuka na kushuka, usije ukapita juu ya paa la jirani. Walakini aliyoipenda kuliko zote ni ile ya mkono wa fito za chuma zilizopishana, unaounganishwa chini kwa pini, kipande kwa kipande, mrefu kuliko yote na mwepesi kwa urefu wake, ambao alisema unakuonyesha tabia yako, kwa kuwa hauna haraka na hausamehe.

Tarehe 6 Desemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bi. Kache, na Mungu akawajalia watoto watatu, Hesbon, ambaye ni mwalimu Nakuru, Zipporah, na kitinda mimba Linet, aliye chuo kikuu. Zipporah alipomwomba amfundishe winchi, mwaka 2014, alikataa, akakataa na mwaka uliofuata, si kwa kuwa ni binti, alivyomweleza mkewe, bali kwa kuwa hakujua angefanyaje kazi na huku roho iko juu. Hatimaye alimfundisha mkono wa kukunjika, kisha wa kuchomoza, na mwenzake Maina, ambaye mdomo wake mnaujua, akawa anamtania kila siku kwamba mzee huyu akivuka barabara na bintiye bado anamshika mkono, atampaje chuma cha mita hamsini? Marehemu alicheka na wenzake, na huku akiendelea kufundisha, na mwaka 2021 Zipporah aliushusha mkono wa fito peke yake kwa mara ya kwanza, baba yake akiwa amesimama chini akimpa ishara, na hakumsifu, alimuuliza tu kama amekula.

Ugonjwa wake haukuwa mrefu. Jumatatu, tarehe 14 Julai 2025, akiwa kazini juu ya winchi ya mkono wa fito karibu na Gongoni, kichwa kilimuuma ghafla na jicho moja likaingia kiza, akautua mzigo chini, akafunga breki, akateremka mwenyewe, na alipofika chini miguu ikamwisha nguvu. Mkono aliuacha umesimama, na kando yake kulikuwa na safu ya nyumba za wafanyakazi wa chumvi. Alifikishwa hospitalini Malindi akiwa hawezi kusema. Mhandisi wa mradi, Bwana Thuku, akihofia upepo usije ukauangusha mkono, alizihamishia familia za nyumba zile kanisani, akamwomba Maina aushushe, naye Maina akasema wazi kwamba mkono wa urefu ule haujui na hatajifunzia juu ya nyumba za watu. Opereta aliyetafutwa Mombasa aliahidi kufika Jumamosi, na upepo wa kusi ulikuwa unaongezeka.

Jumatano asubuhi marehemu alifungua macho, akaunyoosha mkono wake usiopooza, akaelekeza dole gumba chini, akaurudisha, akaunyoosha tena, na wauguzi hawakuelewa anataka nini. Zipporah, aliyekuwa kando ya kitanda tangu Jumatatu, alielewa, kwa kuwa ndiyo ishara ya kushusha mkono wa winchi.

"Nimeona, baba," alimwambia. "Nitaushusha mimi."

Baada ya hapo mkono wake ulitulia juu ya shuka. Alifariki siku hiyo hiyo, tarehe 16 Julai, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi, majirani wa Sabaki waliochota maji na kupika tangu siku ya kwanza, mama zetu wa Shella walioleta mikeka na sufuria, na wafanyakazi wenzake waliombeba kutoka kwenye mchanga hadi garini.

Liko jambo moja ambalo limesemwa sana katika matanga haya. Alhamisi asubuhi, wazee walipofika nyumbani, Zipporah hakuwapo, na Mzee Kitsao alipoambiwa amekwenda kazini, aliona kwamba amemvunjia baba yake heshima, akasema binti anayekwenda kazini maiti ya baba yake haijazikwa hatatia mchanga kaburini. Alipoombwa asikilize maelezo, alisema, "Yasomwe mbele ya watu, nami niyasikie pamoja nao." Mzee wetu, ndiyo haya.

Zipporah aliondoka nyumbani kulipopambazuka, baada ya kumuaga mama yake, akiwa amevaa leso ya msiba. Alikagua waya na pini zote, akasubiri upepo upungue, akapanda, akaizungusha winchi taratibu mpaka ikaelekea kwenye mabwawa matupu ya chumvi, na Maina, asiye na utani siku hiyo, akasimama chini kumpa ishara. Mara mbili upepo ulirudi, mara mbili akasimamisha akangoja. Ncha ilipogusa magogo waliyoipangia, alizima injini, akateremka, akaenda kanisani akawaambia wale akina mama warudi majumbani mwao, kisha akarudi hapa Sabaki, akaketi mkekani pembeni ya mama yake, akajifunika, akalia.

Kiponda, baba yetu, mkono uko chini. Pumzika.