Liberatus Kihwele, Aliyewaandika Mbwa Sitini na Mmoja

Baba Padre, ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka Lyambogo kwa lori tangu jana: haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Liberatus Kihwele, kwa kadiri tulivyoweza kuyaandika. Mwenyewe angeyaandika kwa mwandiko mzuri zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 8 Aprili 1921 katika kijiji hiki hiki, mkoani Iringa, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Danieli Kihwele na mama Tekla. Alibatizwa wiki mbili baadaye. Cheti chake cha ubatizo alikitunza maisha yake yote ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mkebe, mkebe ndani ya sanduku.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Hesabu zilimshinda na kuimba kulimshinda, lakini sista aliyefundisha mwandiko alimpa kazi ya kuandika majina ya wenzake wote juu ya madaftari. Mwaka 1941 alikwenda Mpwapwa kujifunza kazi ya mifugo, akarudi na cheti na koti jeupe. Cheti kiliingia kwenye mkebe.

Tarehe 12 Oktoba 1946 alifunga ndoa na Leokadia, ambaye yupo nasi hapa mbele. Mama Leokadia anasema siku ya posa marehemu hakuzungumza neno. Alitoa karatasi yenye orodha ya sifa zake, akaisoma baba mkwe. Zilikuwa tano. Walijaliwa watoto wawili, Didas na Tekla.

Alifanya kazi ya mifugo kwa miaka thelathini na mitano, Iringa, kisha Chunya, na mwisho Lyambogo katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Ni Chunya, mwezi Juni 1971, lilipotokea jambo lililoelekeza maisha yake yaliyobaki. Ulipita msako wa mbwa wazururaji. Mbwa wake, Sina Neno, alipigwa risasi akiwa amelala mlangoni kwa mwenyewe. Marehemu alipouliza sababu, alijibiwa, "Mzee, mbwa huyu hakuandikwa popote." Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliona kuwa jibu hilo lina maana.

Mwaka huo huo alihamishiwa Lyambogo kuwa karani wa josho. Kwa wajukuu waliokulia mjini: josho ni ule mfereji wa dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kuua kupe, na karani ndiye anayesimama mlangoni akiandika kila anayeingia. Watu wakamwita Bwana Josho.

Jumatano moja ya Januari 1972, mbwa wa Bwana Bujiku Nkuba, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, aliona ng'ombe wanachelewa. Akaruka mti wa lango, akakimbia juu ya ukuta wa josho, akapenya katika pipa la lami lililoachwa na wajenzi wa barabara, akatokea upande wa pili akiwasubiri. Watu walipiga makofi. Marehemu alifungua ukurasa mpya.

"Anaitwa nani?"

"Mbwa," alisema Bujiku.

"Jina lake, bwana."

"Ng'ombe wangu wana majina. Huyu anakula makombo, jina la nini?"

"Asipoandikwa, iko siku watampiga risasi."

Bujiku alifikiri. "Basi andika Waseme. Kuna majirani zangu wawili nataka walisikie nikimwita."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wa kurukisha mbwa. Vifaa vyake vilikuwa miti mitatu ya kuruka, tairi la lori lililoning'inizwa, ubao wa kupita juu na lile pipa. Mbwa alikaa kwenye mstari mpaka filimbi ilie, na mwenye mbwa alikatazwa kumgusa, kumpiga au kumtukana. Katazo la tatu ndilo lililowatoa washindani wengi.

Mwaka wa kwanza waliandikwa mbwa kumi na mmoja. Mwaka 1974 wote tulihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa safu, na marehemu akaongeza katika daftari namba ya safu, namba ya nyumba na jina la balozi wa nyumba kumi. Sabasaba ya 1975 alishinda Watachoka, mbwa jike wa Mama Atuganile, mbwa aliyekuwa na watoto wachanga nyumbani na kwa hiyo alikuwa na haraka. Wasangu, Wasukuma, Wahehe na Wanyakyusa ambao hawakuwa wakisalimiana kisimani sasa walibishana uwanjani, jambo ambalo marehemu alilihesabu kuwa maendeleo.

Mwaka 1976 Iringa tulipeleka mbwa wa kuwinda kumi na wawili ili kuwaonyesha Mbeya maana ya mbwa. Mbwa wetu bora aliruka miti yote mitatu, akaona sungura nje ya uwanja, akaendelea. Alirudi siku ya tatu. Marehemu alipotangaza kuwa Mbeya wameshinda, tulimpigia kelele, "Liberatus, wewe ni wa kwetu au wa kwao?"

"Leo mimi ni wa daftari," alijibu.

Nyumbani mambo yalikuwa kama yalivyokuwa. "Baba Didas," mama Leokadia alimwambia, "paa linavuja na wewe unapima mbwa wa watu wanaruka kiasi gani."

"Nitapanda kesho."

"Mtume Watachoka, yeye amesomea."

Kufikia Agosti 1977 daftari lilikuwa na mbwa sitini na mmoja katika nyumba arobaini na tatu, na hata Madibira walikuwa wameomba wanakiliwe kanuni. Marehemu alimwambia mkewe kwamba sasa hakuna atakayeweza kusema hawa hawakuandikwa. Waliomfahamu wanasema hiyo ndiyo siku pekee waliyomsikia akijisifu.

Septemba mtoto wa kijiji cha jirani aliumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Marehemu alikuwa tayari ameandika barua nne kuomba chanjo. Ya tano hakuiandika, kwa sababu alifika afisa kwa pikipiki, kutoka ofisi ambayo hapa haina haja ya kutajwa.

"Mzee Kihwele, tunasikia una orodha."

"Ninayo. Mnataka nakala ngapi?"

Walitaka tatu. Aliziandika kwa kaboni, akikandamiza kalamu ili ya tatu nayo isomeke. Hakuna aliyemwambia kuwa chanjo inakuja. Hakuna aliyemwambia kuwa haiji. Akapita nyumba hadi nyumba akisema, "Jumanne mfungeni mbwa mlangoni, daktari anakuja."

Jumanne hiyo ilikuwa tarehe 4 Oktoba 1977. Walikuja watu watatu na bunduki mbili. Kazi ilianza saa moja asubuhi ikaisha saa nne na nusu, na hawakupotea nyumba hata moja. Kiongozi wao alimshika marehemu mkono, akamwambia kuwa wilaya nzima hajapata kupewa orodha safi namna ile. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, rafiki wa wanyama. Marehemu alilikumbuka hilo jioni, alipofungua kalenda ya misheni.

Mbwa wasio na mwenyewe hawakuguswa, kwa kuwa hakuna aliyejua wanalala wapi. Ndio wanaobweka Lyambogo hadi leo. Mbwa mwenye kichaa, kwa taarifa, hakuwamo katika daftari.

Tangu hapo marehemu alianza kuzizungukia zile nyumba arobaini na tatu, moja moja, kuomba radhi. Mama Atuganile alimpa kigoda na chai. "Watachoka alipoona bunduki alikaa chini," alimwambia, "kama ulivyomfundisha kukaa kabla ya filimbi. Kunywa, Bwana Josho, inapoa." Nyumba arobaini na mbili zilimpokea, kila moja kwa namna yake. Iliyobaki ni ya Bujiku.

Mara ya kwanza alipiga hodi, Bujiku mwenyewe akajibu kutoka ndani, "Bujiku hayupo."

Mara ya pili alijibu tena. "Mbwa wangu alikuwa hajui kamba. Siku niliyomfunga ni siku uliyosema wewe. Bujiku hayupo, Bwana Josho."

Mara ya tatu hakujibu. Marehemu alikaa mlangoni mpaka ng'ombe walipotoka malishoni, akaondoka.

Alistaafu Juni 1978 akarudi hapa nyumbani. Daftari aliliacha ofisini kwa sababu lilikuwa mali ya ofisi. Mvua za Desemba zilimkuta anakohoa. Januari miguu ikavimba, na hospitali ya Iringa ikasema ni moyo. Alipewa vidonge, akavinywa kwa saa zake. Alisema jambo moja tu linamsumbua, kwamba nyumba moja bado. Didas alimwandikia Bwana Bujiku barua, kisha nyingine. Hazikujibiwa.

Siku ya mpako wa wagonjwa, Padre alimwinamia akamwambia, "Liberatus, tulia. Jina lako limeandikwa mbinguni."

Marehemu alifumbua macho. "Nakala ngapi?" aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Alifariki Jumamosi tarehe 17 Machi 1979, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane, Leokadia, watoto wawili, Didas na Tekla, wajukuu watano, mdogo wake, Bartolomeo, aliyeandika haya, na paa ambalo Didas ameahidi kulishughulikia. Mbwa hakuacha.

Taarifa ya msiba ilifikishwa katika nyumba zote arobaini na tatu. Mjumbe alimkuta Bwana Bujiku Nkuba amekaa nje kwake, anasuka kamba ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maziko ni siku gani, akaambiwa. Kisha akasema wamwambie marehemu kuwa Bujiku hayupo.

Tumemwambia. Mungu ampe usingizi ambao hautapigiwa hodi.