Dkt. Lidwina Mbawala, Binti wa Manamba Aliyesoma Riwaya za Wagomaji wa Marekani

Baba Paroko, masheikhe mliotoka Namasakata, wakwe zetu, majirani wa Mfaranyaki na nyote mliofika, mimi ni Sixbert, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwaeleza maisha ya dada yetu, Daktari Lidwina Marcelino Mbawala.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Mshangano, mtoto wa kwanza wa Mzee Marcelino na Mama Odilia, ambao wote wamekwisha kututangulia. Baba alikuwa amerudi kutoka Tanga, alikokwenda kukata mkonge kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, na kufukuzwa kwa kushiriki mgomo, habari aliyotusimulia kila tulipokuwa tukipukuchua mahindi, sisi wengine tukisinzia, dada akimwuliza maswali.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1969 hadi 1975, akaendelea kwa masista mpaka kidato cha sita mwaka 1981, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1983 akajiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea ualimu na fasihi ya Kiingereza. Huko ndiko alikokutana na riwaya za Marekani za miaka ya thelathini, zilizoandikwa na watu wa mrengo wa kushoto kuhusu wachuma pamba na wachimba makaa waliogoma, na alipokuja likizo akamwambia baba, "Baba, kuna Wazungu wameandika habari zako bila kukujua," naye baba akamjibu asome mpaka mwisho ili ajue kama walishinda.

Mwaka 1986 alianza kufundisha sekondari hapa mjini, akakutana na Mwalimu Daimu Bakili wa Namasakata, wakafunga ndoa bomani tarehe 9 Septemba 1989, kila mmoja akibaki na dini yake, jambo lililoleta maneno pande zote mbili, ingawa leo pande zote mbili tumekaa turubai moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Oliva mwaka 1990 na Sefu mwaka 1993.

Mwaka 1994 alianza masomo ya udaktari, na mwaka 1998 tasnifu yake ikakataliwa, watahini wakisema riwaya zile ni propaganda wala si fasihi, na mmoja wao akamwuliza mwanamke wa Songea anajua nini kuhusu wagomaji wa Marekani. Dada alijibu, "Baba yangu alifukuzwa Tanga kwa kugoma. Nionyesheni nilipokosea kusoma, nitarekebisha, lakini hoja yangu siifuti."

Alirudi nyumbani, nasi tukadhani ameacha. Kumbe alikuwa akiomba ufadhili wa kwenda Chicago kusoma magazeti ya zamani ya wafanyakazi, na shemeji Daimu ndiye aliyemwambia, "Nenda, watoto nitawapikia mimi," akawapikia kweli, ingawa Sefu mpaka leo hataki kuona maharage. Katika tasnifu mpya dada alikiri kwamba baadhi ya riwaya zile ni mbovu, wahusika wake wanahutubia badala ya kuongea, lakini akaonyesha kwamba zilizo nzuri zilitokana na waandishi kuwasikiliza wafanyakazi wenyewe, na mwaka 2001 akatunukiwa udaktari. Baba hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka uliotangulia, na hilo lilimuuma dada mno.

Alifundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na hatutampamba, alikuwa mkali, wapo hapa waliorudia somo lake na wamekuja kumzika.

Tarehe 3 Juni 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na Kiingereza kikamtoka chote, vikabaki Kiswahili na Kingoni. Kwa mtu aliyefanya kazi yake yote kwa Kiingereza ilikuwa kama kufukuzwa nyumbani, alilia, hakutaka wageni. Kisha siku moja pale barazani kwake Mfaranyaki akaanza kumsimulia jirani yetu Mama Judica, muuza dagaa, riwaya ya wachuma pamba, pale mke wa mgomaji anapolaumiwa kwa kurudi kazini, na Mama Judica akakasirika, akasema, "Huyo mke wa mgomaji ana haki ya kurudi kazini, watoto watakula nini?" Dada akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue, akamwita Oliva aandike mabishano hayo, na kwa miaka minne akasimulia riwaya moja baada ya nyingine kwa Kiswahili, wanawake wa soko wakibishana naye, kazi ambayo wanafunzi wake wa zamani wanaiandaa iwe kitabu.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 8 Oktoba 2025, akalazwa hapa Songea, na alfajiri ya tarehe 11 alifumbua macho akasema, "Daimu, umekula?" Shemeji akamjibu amekula, ingawa hakuwa amekula, dada akaridhika, akafumba macho, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliosafiri usiku kucha, na majirani wa Mfaranyaki, hasa akina mama wa soko waliofunga meza zao leo.

Dada Lidwina, umefanya kazi, sasa pumzika, na amani iwe nawe.