Mgeni Atauliza

Mshonaji hakukusudia kusikiliza, lakini macho hayana pazia, na masikio nayo hayana mlango. Kwenye kiti cha mbele yake, nyuma tu ya dereva wa basi, mzee mwenye lori alikuwa akimlalamikia jirani yake wa safari, fundi umeme wa magari.

“Waya za indiketa zilikuwa zimesokotana kama utumbo. Mwanangu kazinyoosha bila kuniuliza. Kaniharibia lori!”

“Kwani lilikuwaje?”

“Ukienda kushoto, inawaka taa ya kulia. Mtaa mzima umezoea. Jana nimewasha kushoto, shemeji akajua naenda kulia, akapita kushoto na baiskeli yake. Tumemtoa mtaroni.”

“Mzee wangu, na mgeni je?”

“Mgeni atauliza.”

Mshonaji, Mungu amsamehe, aliona shemeji ana haki.

“Nirudishie zilivyokuwa, fundi.”

“Niharibu kitu kizima? Thubutu!”

Mara taa ya kushoto ikaanza kuwaka na kuzima kwenye dashibodi ya basi. Basi likakata kulia, likasimama. Fundi alikuwa amekumbatia kiti cha dereva.

“Umeona?” mzee akasema, uso umemchanua, kidole kikimwelekea dereva. “Huyu wa kwetu.”